Miji ya Nyika: Mwongozo wa Msafiri Kutoka Matuu Hadi Lodwar

Msafiri anayeondoka Nairobi kuelekea Garissa huiona Kenya ikibadilika rangi mbele ya macho yake. Mashamba ya kahawa na mananasi ya Thika humalizika, migunga huchukua mahali pa migrevilea, udongo mwekundu hufifia na joto huanza kupanda. Karibu kilomita 100 kaskazini mashariki mwa jiji kuu, gari huingia Matuu, mji wa Yatta katika Kaunti ya Machakos. Hapo madereva hupumzika, abiria hunywa chai na wafanyabiashara wa matunda huyazingira madirisha ya mabasi.

Kuanzia hapo na kuendelea, ramani ya Kenya hupanuka huku miji ikipungua. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya taifa hili ni kame au nusu kame, ingawa jangwa halisi, lile la Chalbi, limo katika Kaunti ya Marsabit pekee. Wakenya wengi hawajawahi kukanyaga eneo hilo kubwa. Wanalijua kwa habari za njaa, wizi wa mifugo na mashambulizi, lakini hawalijui kwa miji yake.

Ujinga huo una historia. Serikali ya kikoloni iliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na sheria zake zikawataka watu kuwa na vibali vya kuingia au kutoka. Baada ya Uhuru, vita vya Shifta vya mwaka 1963 hadi 1967 viliacha sheria za hali ya hatari zilizodumu hadi mwaka 1991. Nao Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo katika maeneo yenye rutuba na mvua. Kaskazini ikabaki nyuma, na barabara zikabaki vumbi.

Kwa anayetaka kuizuru nchi hiyo leo, kuna kanuni moja inayofafanua mahali kila mji ulipo: pasipo maji hapana mji. Makala haya yanaifuata kanuni hiyo, mji baada ya mji.

Matuu: Mji wa mfereji

Matuu uko kwenye uwanda wa Yatta, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda huo ulitokana na mmiminiko wa lava ya volkano uliotambaa kwa takriban kilomita 300 kuelekea Tsavo. Wataalamu wa miamba wanauhesabu miongoni mwa mimiminiko mirefu zaidi ya lava ulimwenguni.

Mvua za hapa ni chache na hazitabiriki. Hata hivyo, soko la Matuu hujaa nyanya, vitunguu, mishiri, matikitimaji na maembe. Siri ya mazao hayo ni Mfereji wa Yatta, unaotoa maji katika Mto Thika na kuyasafirisha kwa takriban kilomita 60.

Mfereji huo ulichimbwa katika miaka ya 1950 na wafungwa wa Mau Mau waliozuiliwa na serikali ya kikoloni. Kwa sururu na karai, chini ya ulinzi wa bunduki, watu waliofungwa kwa kudai ardhi walilazimishwa kuinywesha ardhi ambayo hawangeilima. Wajukuu wa taifa lile ndio wanaovuna leo. Mgeni anayesimama ukingoni mwa mfereji huo anatazama mnara wa ukumbusho ambao haujaandikwa jina la mtu yeyote.

Yatta imetoa funzo jingine. Kwa miaka mingi wakazi wake wengi walitegemea chakula cha msaada, ambacho Wakamba hukiita mwolyo. Mnamo mwaka 2009 Askofu Titus Masika alianzisha kampeni ya kuuaga mwolyo. Familia zilichimba mabwawa ya kuvuna maji ya mvua karibu na nyumba zao, zikaanza kulima mboga na matunda kwa ajili ya soko. Kampeni hiyo haikumaliza ukame, maana hakuna kampeni inayoweza kuamuru mawingu. Ilichofanya ni kuonyesha kuwa ukame si lazima uzae njaa.

Karibu na Matuu kuna mlima wa Ol Donyo Sabuk, uitwao pia Kilimambogo, wenye urefu wa mita 2,145. Ni mbuga ya taifa, na juu yake limo kaburi la mlowezi William Northrup McMillan, aliyefariki mwaka 1925. Si mbali na mlima huo yapo maporomoko ya Fourteen Falls katika Mto Athi. Upande wa kaskazini kuna bwawa la Masinga, lililozinduliwa mwaka 1981. Hilo ndilo ghala kuu la maji ya mabwawa ya kuzalisha umeme katika Mto Tana.

Mwingi: Asali na mito ya mchanga

Baada ya Matuu barabara hupita Kangonde, panapochepuka njia ya Embu, kisha huingia Kaunti ya Kitui hadi Mwingi. Mito ya hapa humshangaza mgeni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka haina maji yanayoonekana. Wanawake huchimba mchangani, na maji hujitokeza polepole ndani ya shimo.

Wakazi wa Kitui na Machakos wameigeuza hali hiyo kuwa ufundi. Hujenga ukuta wa zege katikati ya mto wa msimu, mafuriko hujaza mchanga nyuma yake, na maji hubaki yamehifadhiwa ndani ya mchanga, mbali na jua. Mamia ya mabwawa ya mchanga ya aina hiyo yamejengwa katika kaunti hizo mbili.

Mwingi ni maarufu kwa asali. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilishirikiana na wafugaji wa nyuki wa eneo hili kuboresha mizinga na kutafuta soko, na jina la Mwingi likaingia katika chupa zinazouzwa mijini. Mgeni asiondoke kabla ya kuonja muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe au mbaazi.

Wakamba wa Kitui walikuwa wasafiri wa nyika hii kabla ya barabara. Katika karne ya 19 misafara yao ilifika pwani ikiwa na pembe za ndovu. Mfanyabiashara mashuhuri, Kivoi, alimkaribisha mmishenari Ludwig Krapf, ambaye mwaka 1849 aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui. Kivoi aliuawa mwaka 1851 karibu na Mto Tana, akiwa safarini na mgeni wake.

Kaskazini mashariki mwa Mwingi, kwa njia inayohitaji gari imara, ipo mbuga ya taifa ya Kora. Huko ndiko George Adamson, mlezi wa simba, alikouawa na majambazi Agosti 1989.

Garissa: Mji wa Tana na ngamia

Kutoka Mwingi barabara hushuka taratibu kupitia Nguni na Ukasi, na joto huongezeka kila baada ya kilomita chache. Madogo ndiyo makazi ya mwisho ya Kaunti ya Tana River. Baada yake msafiri huvuka daraja na kuingia Garissa, takriban kilomita 370 kutoka Nairobi.

Mji huu, uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki hadi mikoa ilipotoa nafasi kwa kaunti mwaka 2013, ulikuwa na zaidi ya watu 160,000 katika sensa ya mwaka 2019. Mashamba ya ndizi, maembe na limau hupamba ukingo wa Tana, na hatua chache kutoka hapo huanza vichaka vikavu.

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki. Ng'ombe huletwa kutoka kote kaskazini, na wengine kutoka Somalia, kisha hupakiwa malori kuelekea Nairobi na Mombasa. Bei ya mnyama mmoja hapa huamua karo ya mwanafunzi wa shule ya sekondari, na ukame unapoanguka, bei nayo huanguka pamoja na afya ya mifugo.

Kilomita chache kusini mwa mji kuna hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, inayotunzwa na wenyeji wenyewe. Kuna pia kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019, ushahidi kwamba jua lililolaaniwa kwa vizazi linaweza kulipa deni lake.

Garissa ina makovu. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu cha mji huo na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliotoka pande mbalimbali za Kenya. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na mwaka uliofuata kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili.

Mto unaoulisha mji pia huutenga. Mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023 na mafuriko ya Aprili 2024 yaliikata barabara karibu na Madogo. Abiria walivushwa kwa mashua, na mashua moja ilipozama watu walipoteza maisha. Msafiri wa miezi ya mvua aulizie hali ya barabara kabla ya kukata tiketi.

Wajir na Mandera: Visima, makaburi na amani

Wajir umejengwa juu ya mwamba wa chokaa, na visima vyake vifupi ndivyo vilivyoufanya kuwa mji. Misafara ya ngamia ilifika hapa kutoka mbali kabla ya bendera yoyote kupandishwa. Majengo ya zamani yaliyopakwa chokaa humfanya mgeni adhani yuko karibu na bahari. Maofisa wa kikoloni walilifanyia mzaha jambo hilo: waliunda klabu waliyoiita ya mashua, ilhali bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapo.

Magharibi mwa mji kuna uwanja wa ndege wa Wagalla. Mnamo Februari 1984 wanajeshi waliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawanyima maji kwa siku kadhaa juani na kuwaua mamia yao. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika mkasa huo katika ripoti iliyowasilishwa Mei 2013, na Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani.

Lakini Wajir ni mji wa amani vilevile. Mapigano ya koo yalipozuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa sokoni walikubaliana kuuziana na kununuliana bila kujali ukoo, kisha wakawafuata wazee na vijana. Mmoja wao, Dekha Ibrahim Abdi, alipata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 kutokana na majeraha ya ajali ya barabarani akiwa safarini kuelekea Garissa. Njia zake za usuluhishi zimeigwa katika nchi nyingi.

Mandera, ulio kando ya Mto Daua, unapakana na Ethiopia na Somalia kwa wakati mmoja. Novemba 2014 watu 28 walitolewa kwenye basi lililotoka mji huo na kuuawa kwa kuwa hawakuwa Waislamu. Desemba 2015, katika shambulizi jingine la basi, abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki mwezi uliofuata. Kwa sasa Mandera si mji wa matembezi ya mgeni asiye na shughuli, wala barabara yake si ya kujaribu bahati. Hata hivyo, jina la mwalimu huyo lastahili kujulikana Matuu kama linavyojulikana Mandera.

Isiolo: Njia panda ya kaskazini

Isiolo ndiyo lango jingine la nchi kame, chini ya vilima vya Meru. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu wanaishi hapa bega kwa bega. Baadhi ya familia za Kisomali ni za uzao wa askari waliopewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Maziwa ya ngamia hukusanywa na wanawake na kusafirishwa hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi. Nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa kwa mafuta, ni akiba ya wafugaji ambayo imekuwa kitoweo cha wasafiri.

Kaskazini mwa mji, Mto Ewaso Nyiro hunywesha hifadhi tatu: Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Humo wamo punda milia wa Grevy, twiga wenye madoa ya wavu na choroa. Shaba ndiko alikouawa Joy Adamson Januari 1980.

Mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Machi 2012, uliifanya Isiolo kuwa kitovu cha barabara, bomba na reli kutoka Lamu. Matarajio hayo yalipandisha bei ya ardhi kabla ya miradi yenyewe kufika, na migogoro ya umiliki ikafuata.

Marsabit: Msitu juu ya jangwa

Barabara ya lami ya takriban kilomita 500 kutoka Isiolo hadi Moyale, iliyokamilika katika miaka ya 2010, ndiyo mapinduzi makubwa zaidi ya kaskazini tangu Uhuru. Safari iliyowachukua abiria siku mbili au zaidi juu ya malori ya ng'ombe sasa hufanywa kwa basi chini ya siku moja. Moyale, mwisho wa njia hiyo, ina kituo cha pamoja cha mpakani na Ethiopia kilichofunguliwa Desemba 2020.

Katikati ya njia kuna Marsabit, mji uliokaa kwenye mabega ya mlima wenye msitu. Ukungu wa usiku hudondoka kutoka kwenye majani na kuyalisha maji ya mlimani, huku jangwa likiwaka pande zote chini yake. Msitu huo ulikuwa makao ya Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970 hadi kifo chake mwaka 1974. Katika visima vya Waborana, vijana hupanga mstari na kupokezana ndoo huku wakiimba, na ng'ombe huijua sauti ya mwenyewe.

Mji huu pia umelilia amani. Aprili 2006 ndege iliyowabeba viongozi waliokuwa wakienda mkutano wa upatanisho ilianguka na kuwaua watu 14, akiwemo mbunge Bonaya Godana.

Magharibi kuna Chalbi, Kalacha na North Horr, kisha Loiyangalani kwenye mwambao wa Ziwa Turkana. Huko wanaishi Waelmolo, mojawapo ya jamii ndogo zaidi nchini, na tangu mwaka 2008 jamii za eneo hilo zimekuwa zikikusanyika kwa tamasha la utamaduni. Karibu na hapo mitambo 365 ya upepo huzalisha hadi megawati 310 za umeme. Mbuga za ziwa hilo zilitangazwa Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 zikawekwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Lodwar: Mji wa kifungo na chimbuko

Lodwar haufikiki kwa njia ya Matuu bali kwa ile ya Kitale, lakini orodha ya miji ya nyika haikamiliki bila mji huu. Umekaa kando ya Mto Turkwel, chini ya mikoma, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya wakazi 80,000.

Wakoloni waliutumia umbali wa eneo hili kama ukuta wa gereza. Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar, tangu mwaka 1953. Miongoni mwao alikuwa Paul Ngei, mwana wa Machakos. Kenyatta alihamishiwa Lodwar mwaka 1959 na kukaa hapo hadi alipopelekwa Maralal mwaka 1961.

Upande huo huo wa ziwa, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aligundua mwaka 1984 mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, alizaliwa Ukambani. Chemchemi za Eliye, mashariki mwa Lodwar, huwapa wageni kivuli cha mikoma na maji ya kuoga.

Turkana pia imefundisha subira. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Lotikipi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi. Mafuta ya Lokichar, yaliyogunduliwa mwaka 2012, nayo yalizaa matumaini makubwa kuliko kazi.

Mambo ya kuzingatia

Miezi ya Januari, Februari na Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kwa safari, kwa kuwa barabara nyingi za ndani huharibika kwa mvua za Aprili na Novemba. Msafiri abebe kitambulisho au pasipoti, maana vizuizi vya polisi ni vingi. Asafiri mchana. Kwa Garissa, Wajir, Mandera na maeneo ya mpakani, apate kwanza taarifa za usalama kutoka kwa maafisa wa utawala na kwa wenyeji. Kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma si vivutio vya utalii, na kuzizuru huhitaji kibali.

Maji ya kunywa, mafuta ya gari na gurudumu la akiba havina mbadala. Mavazi yawe ya heshima, na picha ya mtu au mfugo ipigwe baada ya kuomba ruhusa. Saa ya swala ya Ijumaa maduka mengi hufungwa, na mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufunguliwa jioni. Mgeni akipewa maziwa, apokee kwa mkono wa kulia na anywe walau funda moja, kwani maziwa katika nchi kame si kinywaji cha kupitisha wakati.

Hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza kuondolewa kwa utaratibu huo, kijana wa Wajir aliyeomba kitambulisho alikabiliwa na uhakiki wa ziada ambao kijana wa Matuu hakuujua. Barabara imeyafupisha masafa, lakini Mkenya wa huku na Mkenya wa kule wangali wanajuana kwa uvumi. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mamilioni ya mifugo ikaangamia. Mji unaotembelewa wakati wa amani husikika haraka zaidi unapolia wakati wa kiangazi, na hiyo ni faida ya safari isiyoandikwa kwenye tiketi.